Mwenyekiti wa zamani wa AMCOS anaomba msamaha na anataka kugombea tena. Mkutano mkuu una uwezo gani?

Kaza_Moyo_Urambo

Wakuu, mwangaluka. Naomba mchango wa wanaojua ushirika na sheria, porojo za kijiweni tunazo za kutosha huku.

Chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa tumbaku (AMCOS), wilaya ya Urambo. Mwenyekiti wa zamani, ambaye baadaye alikuwa diwani kipindi kimoja, aliondolewa na mkutano mkuu misimu mitano iliyopita. Tuhuma ni mbolea ya mkopo kuandikwa kwa majina ya wakulima hewa. Mauzo yalipofika, deni likagawanywa kwa wote kwa sababu ya dhamana ya pamoja, na waliovuna vizuri wakatoka sokoni na karatasi ya makato badala ya hela. Uchunguzi ulifunguliwa, kesi haijafika mahakamani mpaka leo.

Sasa anapita kwa wazee, kwa shehe na kwa mchungaji anaomba radhi, na uchaguzi wa bodi unakaribia. Kuna wanaosema yaliyopita si ndwele. Wengine wanasema asikanyage hata ofisini. Kundi la tatu wanataka arudishe hela kwanza, ila hakuna anayejua ni shilingi ngapi. Kwenye grupu la WhatsApp la kijiji anaitwa mwizi kila siku.

Maswali yangu: mkutano mkuu unaweza kumsamehe? Ukiweza, unaendeshwaje ili usigeuke ngoma ya kampeni? Na kugombea je?

---

Mhakiki_wa_Leja

Mleta mada, hilo kundi lako la tatu ndilo limeshika penyewe. Msamaha usio na kiasi hauna maana kwenye chama cha ushirika, kwa sababu wanachama hawajui wanasamehe nini. Leo mnasamehe "makosa", kesho mtu anakumbuka alikatwa laki mbili, ugomvi unaanza upya.

Kiasi kinapatikana hivi. Chukueni msimu husika peke yake, msichanganye misimu. Tafuteni makaratasi haya: daftari la wanachama, makisio ya pembejeo yaliyopitishwa na mkutano, hati za kupokelea mbolea ghalani, orodha ya ugawaji yenye saini au dole gumba, na taarifa ya mauzo inayoonyesha kilo na makato ya kila mkulima. Chama kilichokaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, kitakuwa na ripoti ya ukaguzi pia. Ombeni kwa afisa ushirika wa halmashauri kama nakala yenu imepotea (na huwa zinapotea, hasa zile zenye hoja).

Watu wengi wanalinganisha hati ya kupokelea na orodha ya ugawaji, wanakuta mifuko 800 iliingia na mifuko 800 ikagawiwa, wanasema vitabu viko sawa. Bila shaka viko sawa! Anayeandika wakulima hewa hupanga hesabu zikubaliane. Kosa linaonekana pale orodha ya ugawaji inapowekwa ubavuni mwa daftari la wanachama na taarifa ya mauzo. Jina lililochukua mbolea, halimo kwenye daftari, na halikuuza hata kilo moja, hilo ndilo la kuulizia.

Natoa mfano wa hesabu, namba si za chama chenu. Tuseme majina 14 hayamo daftarini na yamebeba mifuko 112. Bei ya mkopo 90,000 kwa mfuko. Hiyo ni 10,080,000. Wanachama walioubeba mzigo wako 140, kila mmoja 72,000. Hapo hasira zinapanda na watu wanataka kufunga hesabu. Msifunge. Jina lisilo daftarini si lazima liwe hewa: kuna mke aliyeandikishwa shamba lake na mume, kuna kijana aliyelima chini ya baba yake, kuna jina lililokosewa herufi. Vilevile kuna mkulima wa kweli aliyechukua mbolea akapitisha tumbaku yake kwa jina la ndugu ili akwepe makato. Huyo ni mdaiwa wa chama, mwenyekiti hahusiki naye. Mkichuja mkakuta manne kati ya yale 14 ni ya watu halisi wenye mifuko 28, inabaki mifuko 84, yaani 7,560,000, kila mmoja 54,000. Tofauti ya milioni mbili na nusu ndiyo inayofanya mtuhumiwa akatae kila kitu, kwa sababu anajua kuna sehemu anasingiziwa. Mkileta kiasi safi, anakosa pa kujifichia.

Kazi hii wape watu wasiozidi watano, wasiwe bodi ya sasa wala ya wakati ule, na angalau mmoja awe anajua kusoma leja. Mtuhumiwa apewe nakala ya orodha kabla ya mkutano, ajibu jina kwa jina kwa maandishi. Msimpe siku ya mkutano; atasema anahitaji muda na atakuwa na haki.

Halafu kuna ngazi iliyo juu yenu. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, Mrajis (msajili na msimamizi wa vyama vya ushirika) anaweza kuchunguza mwenendo wa kiongozi aliyesababisha hasara na kuamuru airudishe. Kwa hiyo nakala ya hesabu yenu ipelekeni kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa kabla ya kumfutia mtu chochote.

---

Wakili_Isevya

Nakazia hapo kwa mhakiki, kisha nitenganishe mambo ambayo naona yamefungwa kwenye kamba moja.

Mnachoita "kumsamehe" ni mambo matatu yenye wenyewe tofauti. Kinyongo ni cha kila mwanachama, hakuna mkutano unaoweza kupiga kura kwamba fulani ameacha kuumia. Deni ni la chama na la waliokatwa. Jinai ni ya Jamhuri. Mkutano mkuu una kauli kwenye hilo la katikati tu, na hata hapo kwa utaratibu.

Kwenye jinai muwe waangalifu sana. Mahakama zetu zinaruhusu na kuhimiza suluhu kwa makosa madogo ya kibinafsi, kama ugomvi wa kupigana makofi. Ubadhirifu haumo humo. Zaidi ya hapo, Kanuni ya Adhabu inaufanya kuwa kosa upokeaji wa malipo kwa ahadi ya kuficha kosa kubwa. Kwa hiyo ule mstari ninaouona kwenye mihtasari mingi, "mtuhumiwa amelipa na wanachama wamekubaliana suala lisiendelee popote", ni wa hatari kwa mwenyekiti na katibu wanaousaini. Andikeni hivi: amelipa kiasi kadhaa kufidia hasara, na makubaliano haya hayazuii chombo chochote cha sheria kufanya kazi yake. Makosa makubwa ya jinai hayana ukomo wa muda, miaka mitano siyo kinga.

Madai ya hela ndiyo yana saa inayokimbia. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, shauri la madai ya mkataba linafunguliwa ndani ya miaka 6. Mko misimu mitano. Akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya tangu siku ya kukiri. Machozi mbele ya wazee hayasimamishi saa hiyo.

Kuhusu kuitwa mwizi: Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Huyu hata kushtakiwa bado. Anaweza kudai fidia ya kashfa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la kusambaza taarifa za uongo. Andikeni kile karatasi inachosema: "hesabu ya msimu fulani imeonyesha mifuko 84 isiyo na mpokeaji, na aliyekuwa mwenyekiti ameombwa maelezo." Hiyo hata akienda mahakamani mnasimama nayo. "Mwizi mkubwa wewe" hamsimami nayo.

Na wale wa "asikanyage tena maisha yake yote" nao wajue nchi yenyewe haikuweka hivyo. Kwa ubunge, ibara ya 67 inamzuia mtu aliyetiwa hatiani na kuadhibiwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Baada ya hapo mlango unafunguka, wapiga kura waamue. Kwenye chama chenu someni masharti ya chama, ndiyo yanayosema nani hana sifa. Vyama vingi vimeweka kwamba mwenye deni sugu la chama hagombei. Kama mmeweka hivyo, swali la kugombea limejijibu mpaka alipe, na hakuna anayeonewa.

Mifano ya kitaifa ipo na inafundisha vitu tofauti. Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwanzoni mwa 1977 kwa sababu ya watu waliokufa na kuteswa mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake kule Mwanza na Shinyanga. Hakuwa yeye aliyewapiga. Alibeba dhamana, akaondoka, akapelekwa ubalozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais. Kule kuondoka mapema bila kusukumwa ndiko kulikomrudishia heshima. Lowassa naye alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, wakati huo Spika akiwa Samuel Sitta wa Urambo kwenu hapo. Hakushtakiwa mahakamani. Matokeo yake, alipogombea urais 2015 tuhuma zilipanda naye kila jukwaa, na hakuwa na hukumu ya kumtia hatiani wala ya kumsafisha. Mtuhumiwa wenu aelewe hilo: hesabu ya wazi inamfaa yeye kuliko anavyodhani.

Kuhusu "rudisha tukusamehe", imejaribiwa mara mbili kwa ukubwa. Fedha za EPA (akaunti ya malipo ya madeni ya nje pale Benki Kuu), zaidi ya bilioni 133, Rais Kikwete alitoa muda hadi 31 Oktoba 2008 waliochota warudishe. Septemba 2019 Rais Magufuli alishauri watuhumiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa mahabusu wakiri na kulipa, na Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akatangaza watu 467 waliokuwa tayari kurudisha zaidi ya bilioni 107. Hela zilirudi, hilo si dogo. Maoni yangu: udhaifu wa njia hii ni kwamba mwananchi anasikia jumla kuu tu, hajui nani alichukua nini na kwa njia gani, kwa hiyo mlango uliotumika unabaki pale pale. Nyinyi msirudie. Maelezo ya mbinu iliyotumika yadaini sawasawa na hela.

---

Heru_Juu_Kasulu

Ndugu zangu wa Urambo, poleni. Mimi nachangia namna ya kuendesha kikao, maana huku Kigoma tunapakana na nchi zilizolipia somo hili kwa bei kubwa.

Gacaca, mahakama za kijamii za Rwanda zilizofungwa Juni 2012, zilishughulikia mauaji ya kimbari, jambo ambalo halilinganishwi na mbolea, naomba nisieleweke vibaya. Lakini utaratibu wao wa kukiri unafaa kuigwa: ungamo lilikubaliwa tu kama mtu ametaja alifanya nini, wapi, kwa nani, na alikuwa na nani, kisha ndipo aombe radhi. Aliyetaja nusu, ungamo lilikataliwa. Makosa ya mali yaliwekwa kundi lake, adhabu ikawa ni kulipa fidia. Kilichoharibika ni malipo: wengi walikubali kulipa na hawakuwa na kitu, waliodhulumiwa wakabaki na makubaliano mkononi. Hivyo kabla ya kupokea ahadi ya mtu, kagueni anacho nini.

Afrika Kusini kuna jambo ambalo watu hawalijui. Tume yao ya ukweli, kwa sheria ya 1995, haikumdai mwombaji ajute. Ilimdai aseme ukweli wote. Kati ya waombaji 7,112 waliopewa msamaha wa kisheria ni 849. Yaani hata pale tunapopataja kama kielelezo cha kusamehe, wengi walikataliwa. Naona walifanya vizuri kutopima majuto. Majuto hayapimiki, na mwanasiasa aliyekuwa diwani analia vizuri kuliko mjane aliyekatwa hela.

Sasa kikao chenyewe. Suala liwe ajenda kamili kwenye tangazo la mkutano, lisichomekwe kwenye "mengineyo" saa kumi jioni wakati nusu ya watu wameshaondoka. Fungueni kwa kusoma hesabu. Wa pili kusema wawe waliokatwa, yeye asubiri. Hapa ndipo vikao vyetu vinapokwama: mtuhumiwa anapewa nafasi mapema, anapiga magoti, mchungaji anaomba sala, kina mama wanapiga vigelegele, na baada ya hapo atakayesimama kuuliza mifuko yake anaonekana ana roho mbaya. Viongozi wa dini wakaribisheni, ila sala ya upatanisho iwe mwisho kabisa, baada ya kura.

Wajane na waliohama wasisahaulike. Mtu aliyekatwa msimu ule akafa, mrithi wake ana neno. Wasioweza kusema mbele ya umati wachukuliwe maelezo mapema na mtu wa ile kamati, yasomwe bila jina wakitaka.

Akifika zamu yake, sikilizeni vitenzi. "Kama kuna mtu nilimkwaza naomba anisamehe" hiyo siyo kukiri, hapo amewatupia nyinyi kosa la kukwazika. "Kulitokea mapungufu", nani aliyafanya? "Shetani alinipitia", sawa, shetani alisaini hati ipi? Mnachotaka kusikia ni sentensi yenye "nili-": niliandika majina haya, mifuko niliiuza kwa bei hii, hela nilitumia kwa jambo hili, fulani alijua. Mwenyekiti wa kikao awe na swali moja tu la kurudia kwa upole: "Mzee wetu, jina la kwanza kwenye orodha, eleza." Mpaka orodha iishe. Inachosha, na ndiyo dawa.

Kura iwe ya siri, na kila jambo kura yake: kupokea hesabu, kupokea mpango wa malipo, kumrejeshea uanachama kama alisimamishwa. Akikaa mbele mkanyoosha mikono, mtapata asilimia mia ya uongo.

---

Kaza_Moyo_Urambo

Asanteni sana wakuu, nimeshapeleka nakala kwa kamati. Nyongeza: anasema akubaliwe kulipa kwa awamu kutoka kwenye tumbaku yake, misimu mitatu, na kwamba akiwa mwenyekiti atalipa haraka zaidi kwa sababu "atakuwa na nguvu ya kusimamia". Mnaonaje?

---

Mhakiki_wa_Leja

Awamu ni sawa, uenyekiti hapana. Mdaiwa hawezi kuwa ndiye anayesaini taarifa za makato yake mwenyewe.

Mkataba wa awamu uwe na kiasi chote, tarehe za mauzo badala ya "msimu", na kifungu kwamba akikosa awamu moja deni lote linadaiwa mara moja. Tumbaku ikipigwa mvua ya mawe je? Wekeni dhamana nyingine, mifugo au mabati, siyo shamba la familia ambalo mke hajasaini. Asidhaminiwe tena na kundi lilelile lililomlipia mwanzo, maana hapo mtakuwa mmewakata watu wale wale mara mbili.

Hela zikiingia ziende kwa waliokatwa, kila mtu na stakabadhi yake. Nimeona mihtasari inayopitisha kwamba fedha "zielekezwe kwenye ujenzi wa ofisi". Hapo aliyeibiwa ameibiwa tena, safari hii kwa kura. Mwanachama akitaka kuchangia ofisi apokee kwanza 54,000 yake mkononi, kisha achangie kwa hiari.

---

Mama_Sikonge

Samahani kaka zangu, mmeongea vizuri lakini mmekaa kwa mtu mmoja tu. Hela ya AMCOS haitoki kwa saini moja. Orodha ya ugawaji inapita kwa katibu meneja, mbolea inatoka kwa mtunza ghala, mkopo unapitishwa na kikao cha bodi. Mwenyekiti peke yake angewezaje kutoa mifuko mingi hivyo usiku na mtunza ghala asijue?

Wakati mwingine huyu anayeomba msamaha ndiye mwenye moyo, na wenzake waliokula naye wamekaa kimya, wengine wako kwenye bodi ya sasa wanapiga kelele kuliko wote kwenye hilo grupu. Mkimbebesha yeye deni lote mtakuwa mmewapa wao hati ya usafi bila kuiomba. Kamati iombe muhtasari wa kikao cha bodi kilichopitisha mkopo wa msimu ule, waangalie waliohudhuria, na waombe benki majina ya watia saini wa akaunti kwa kipindi hicho. Barua iandikwe na chama, iwe na mhuri na saini za watia saini wa sasa. Mwanachama akienda peke yake kaunta hatapewa kitu.

Na mtunza ghala aitwe kabla yake. Ana daftari lake la kutoa mizigo, mara nyingi analitunza nyumbani, na tarehe zake hazifanani na za ofisini.